Uliza Nesi: Mkanda wa jeshi hausubiri Jumatatu

Mwezi huu nimefungua simu ya safu nikakuta mkanda wa jeshi, mkanda wa jeshi, mpaka nikahisi mmeambizana. Ujiji, Mwanga, Urambo, Isevya, Sikonge, kila kona. Nimechagua sita maana zingine zinafanana. Na niseme mapema kwamba ulishanishika na mimi, mbavu za kushoto, na nesi mzima wa miaka thelathini kazini nikauzembea kama mtu ambaye hajawahi kuona wodi, ila hiyo nitaisema huko mbele nikishapata ujasiri.

Shikamoo dada nesi. Mi nauza mawese hapa Ujiji, nina miaka 52. Ijumaa nilianza kusikia kama kuna pasi ya mkaa imewekwa mbavuni upande wa kulia, nikajua nimebeba dumu vibaya. Jumapili ngozi ikawa nyekundu, leo Jumatatu yametoka malengelenge yamejipanga kuanzia mgongoni yanakuja chini ya ziwa. Kanga ikigusa tu nasikia kama nachunwa. Jirani kaniambia ncha mbili zikikutana nakufa, mwingine anasema nimetupiwa kitu na wabaya wangu wa sokoni. Nimeogopa dada, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Wasomaji wengine wajue tu kwamba huyu nilimpigia siku ileile, sikusubiri gazeti litoke, na mtaelewa kwanini.

Hakuna aliyekutupia kitu. Ulipokuwa mtoto uliugua tetekuwanga, hata kama hukumbuki, mama yako angekumbuka. Vile vipele vilikauka ukarudi kucheza lakini kirusi chake hakikutoka mwilini, kilirudi nyuma kikajificha kwenye mizizi ya neva, yani mishipa ya fahamu, karibu na uti wa mgongo, kikalala humo miaka arobaini na kitu bila kukusumbua. Sasa kinga ya mwili ikipungua, kwa umri, kwa ugonjwa, kwa dawa fulani, kinaamka, na kikiamka hakitapakai hovyo, kinafuata neva moja kama treni inavyofuata reli, kinatoka nayo mpaka kwenye ngozi. Ndo maana unaona mstari. Ndo maana pia maumivu yametangulia, maana shida imeanzia kwenye neva ndani, ngozi imekuja kupokea taarifa baadaye. Siku moja mpaka tano za kuungua, kuchoma, au kuwasha pasipo kipele hata kimoja, hiyo kawaida kabisa, na hapo ndo watu wanapokunywa dawa za misuli, za moyo, za vidonda vya tumbo, wengine wanadhani figo.

Hilo la ncha kukutana nimelisikia tangu naanza kazi. Neva za mbavu ziko jozi, ya kulia inaishia katikati ya mwili kwa mbele, na ya kushoto hivyohivyo. Kirusi chako kimeamka kwenye ya kulia, kitaishia hapo katikati. Wagiriki nao waliuita ugonjwa huu zosta, yani mkanda, kwahiyo waliona kitu kilekile sisi tulichokiona, ila mkanda wenyewe ni nusu mkanda. Ukiona vipele vimetoka pande zote mbili au vimetapakaa mwili mzima usisubiri kufa, nenda hospitali haraka, maana hapo kinga iko chini sana na panahitaji matibabu ya ndani, huenda hata ya dripu.

Haya, dawa. Inaitwa asaiklovia, na kuna ndugu yake valasaiklovia ambayo inanywewa mara tatu tu kwa siku ila si kila duka inapatikana. Asaiklovia kwa mtu mzima mwenye figo nzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Sasa shikeni kalamu, maana hapa ndo watu wanaharibu. Ukipewa vidonge vya 200, hiyo ni vinne kwa mkupuo, ishirini kwa siku, 140 kwa wiki. Mgonjwa anaona lile rundo anasema huyu daktari kakosea, anaanza kunywa kimoja kimoja asubuhi na jioni "ili visimletee sumu", yani anamtekenya kirusi. Mama wa Ujiji nilimpangia hivi: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Maji ya kutosha juu yake. Mwenye ugonjwa wa figo lazima amwambie daktari kabla, anapunguziwa dozi.

Na dawa hii ina saa yake. Inafanya kazi vizuri zaidi ukiianza ndani ya saa 72 tangu vipele vya kwanza vitokee, yani siku tatu. Ukiwa umechelewa nenda tu, hasa kama vipele vipya bado vinatoka au una zaidi ya miaka hamsini, daktari ndo ataamua, lakini ile faida kubwa iko mwanzoni. Vipele vimetoka Jumapili, ukasema ngoja mnada upite, ngoja Jumatatu ijayo, basi umeitupa.

Maumivu: parasetamo au ibuprofeni kama tumbo na figo viko sawa, yakizidi daktari anaongeza nguvu. Ngozi: oga maji na sabuni ya kawaida, futa kwa kugonga taratibu na kitambaa safi usisugue, vaa kitu kilegevu cha pamba, losheni ya kalamaini inatuliza muwasho. Usitumbue. Usipake majivu, dawa ya meno wala maji ya betri (msinicheke, maji ya betri nimeyaona kwa macho yangu, mtu alikuja na kidonda cha kuungua juu ya mkanda). Malengelenge yanakauka na kufanya magaga kwenye siku ya saba mpaka ya kumi, na ngozi inatulia baada ya wiki mbili mpaka nne.

Mama mambo vipi, shkamoo. Mi boda wa hapa Mwanga, Kigoma, nina 27. Nimetoka mkanda wa jeshi begani, kijiweni wananiita marehemu mtarajiwa, wanasema huo ni ukimwi hamna kingine. Demu wangu kaacha kupokea simu. Ni kweli?

Marahaba mwanangu. Hao wa kijiweni waambie mkanda wa jeshi si kipimo.

Ila sitakudanganya ili ufurahi. Nakumbuka sana miaka ile, wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambulika Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata huku kwetu wodini kijana akilazwa na mkanda wa jeshi manesi tulikuwa tunaangaliana tu. Dawa hazikuwepo. Hapo ndo jina lilipochafuka na mpaka leo halijasafishwa. Ukweli wenyewe uko hivi: VVU vinashusha kinga, na kinga ikishuka kirusi cha tetekuwanga kinaamka, kwahiyo kwa kijana wa umri wako daktari yeyote makini atakushauri upime. Lakini kinga inashushwa na mengi, kisukari, saratani na dawa zake, vidonge vya predinisoloni vya kutuliza uvimbe vikinywewa muda mrefu, na vijana wazima kabisa wanatoka mkanda wa jeshi na sababu haionekani. Mzee wa miaka 70 akiutoa sababu kubwa ni hiyo 70 yenyewe.

Nenda kapime, ni bure kwenye vituo vya serikali, na majibu unayapata ukiwa bado umekaa kwenye benchi. Ikiwa hasi na unajua ulijiweka kwenye hatari hivi karibuni, rudia baada ya miezi mitatu. Ikiwa chanya unaanza ARV, nazo bure, na nakuambia nina watu niliowaanzishia mimi ambao leo wana wajukuu. Kitu kimoja ambacho wengi hawaambiwi: mtu akianza ARV miezi ya mwanzo anaweza kutokewa na mkanda wa jeshi kwasababu kinga inaamka na kuanza kupigana, asidhani dawa zimemkataa akaziacha, arudi kliniki.

Na wakati unasubiri hayo yote, asaiklovia umeanza? Hukuniambia vipele vina siku ngapi. Usije ukakaa kijiweni unabishana siku tatu zikaisha. Demu siwezi kukusaidia.

Nesi habari. Mi ni mrina asali wa Sikonge. Shingoni nimetoka kitu kama kuungua, kina mstari na vilengelenge, wenzangu wanasema nimekojolewa na mdudu, mke wangu anasema mkanda wa jeshi. Nimepaka asali. Nitajuaje?

Swali zuri kuliko yote mwezi huu, na hata wataalamu wanachanganya. Huyo mdudu ni mwembamba kama sisimizi mrefu, mweusi na rangi ya chungwa amegawanyika vipandevipande, masika anafuata taa. Hakojoi wala haumi. Ukimsagia shingoni na kiganja ndo anatoa maji makali yanayounguza ngozi, na kwavile umempangusa unapata mstari.

Jiulize maswali mawili. Moja, maumivu yalianza siku kadhaa kabla ya kipele? Mdudu hana hiyo, unalala mzima unaamka umeungua. Pili, je mstari umevuka katikati ya mwili, au panapokunjika pana alama mbili zinazotazamana kama umepiga muhuri? Hiyo ya mdudu, imehama kutoka ngozi moja kwenda nyingine. Mkanda wa jeshi unakaa upande wake. Ukiwa huna uhakika muoneshe mtaalamu leo, sio keshokutwa, maana mdudu akisubiri hana hasara, mkanda ukisubiri una hasara. Asali yenu ya Tabora naipenda kwenye chai, kwenye kidonda safi haina ubaya mkubwa, lakini kirusi kiko kwenye neva ndani huko, asali ya juu ya ngozi haikifikii.

Mama wa watoto watatu, Cheyo, Tabora: Bibi yao alikuja kutoka kijijini na mkanda wa jeshi tumboni, analala na mjukuu wa miaka minne. Wiki mbili baadaye mtoto katoka tetekuwanga. Bibi analia anasema kamuambukiza mtoto mkanda wa jeshi. Na mimi nina mimba ya miezi saba.

Mpe pole bibi, umwambie hakumuambukiza mkanda. Mkanda wa jeshi hauambukizwi kama mkanda, kila mtu anautoa kwenye kirusi chake mwenyewe alichotunza tangu utoto. Ila yale maji ya malengelenge yana kirusi hai, na akiyagusa mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga anapata tetekuwanga, kati ya siku kumi na ishirini na moja. Hesabu yako ya wiki mbili imeingia palepale. Dawa yake ilikuwa kufunika vipele kwa nguo au bandeji, kunawa mikono, taulo yake peke yake, mpaka vyote vifanye magaga.

Mtoto apewe parasetamo akiwa na homa, akatwe kucha. Asipirini usimpe kabisa, kwenye tetekuwanga inaweza kumletea mtoto madhara makubwa ya ini na ubongo.

Sasa wewe. Uliwahi kuugua tetekuwanga? Kama ndio, tulia. Kama hujui au hapana, nenda kliniki leo useme neno kwa neno "nina mimba na nyumbani kuna tetekuwanga", usisubiri tarehe ya kadi.

Mume wangu katokewa na vipele paji la uso mpaka kope, upande mmoja, na kimoja kiko ncha ya pua. Jicho jekundu. Mama mkwe anataka tumdondoshee maziwa ya mama. (Isevya, Tabora)

Huyu naye nilimpigia. Mkanda wa jeshi usoni karibu na jicho ni dharura, na kile kipele cha ncha ya pua ndo king'ora chenyewe, kwasababu neva inayofika ncha ya pua ndiyo hiyohiyo inaingia kwenye jicho. Ukikiona pale usihesabu siku tatu, hesabu saa. Hospitali ya mkoa, Kitete kwa watu wa Tabora, Maweni kwa Kigoma, uulizie mtu wa macho. Maziwa ya mama hapana, chai hapana, matone ya macho yaliyobaki ya mtoto hapana, hasa yenye steroidi ambayo yakitumika bila mtaalamu yanaweza kummaliza jicho. Na kama vipele viko sikioni na mdomo umeanza kwenda upande, mbio hizohizo. Mume wa dada huyu anaona. Namshukuru Mungu na namshukuru pia dereva wa bajaji aliyekubali kwenda usiku.

Mwanangu nesi, mimi ni mkulima wa tumbaku, Urambo, miaka 68. Vipele vilipona mwezi wa tano uliopita, ngozi imebaki na baka tu. Lakini maumivu yako palepale, usiku kama umeme, shati likigusa natamani kulichana. Hospitali wamenipa kidonge, kijana wangu kasoma kwenye simu anasema ni dawa ya watu wenye msongo wa mawazo. Wameniona chizi?

Shikamoo baba. Hawajakuona chizi, na maumivu hayo siyo ya kufikirika. Mimi niliishi nayo miezi saba.

Ilikuwa hivi. Nilianza kusikia moto mbavuni, nikasema nimelala vibaya, nikapaka jeli ya kuchua siku nne. Siku nne baba! Vipele vilipotoka ilikuwa Jumamosi, nikaingia duka la dawa la karibu, kijana akanipa tyubu ndogo ya asaiklovia ya kupaka, na mimi nilijua kabisa hiyo tyubu ni ya vipele vya mdomoni na kwenye mkanda wa jeshi haisaidii kitu, kinachotakiwa ni vidonge, lakini nilikuwa nimechoka nikajiambia ngoja nianze nayo Jumatatu nitaenda. Jumatatu pakawa na msiba. Nimefika kwa daktari siku ya tano. Yeye alikuwa mwanafunzi wangu wa mazoezi zamani, hakunisema, aliniangalia tu, na kuangaliwa kule kuliniuma kuliko mbavu. Miezi saba sikuvaa sidiria. Nilikuwa naweka kitambaa cha hariri cha zamani katikati ya ngozi na blauzi, ndo kitu pekee kilichokuwa hakinichomi, jaribu na wewe, fulana laini inayobana kidogo wakati mwingine ni nafuu kuliko shati linalopepea na kuparuza.

Sasa wewe umepita miezi mitatu, kwahiyo haya tunayaita maumivu ya neva baada ya mkanda. Ngozi imepona ila neva iliumizwa, inatuma taarifa za uongo kwenye ubongo, inaripoti kitambaa kama vile ni kisu. Kadri umri unavyokuwa mkubwa ndo yanavyopenda kubaki. Ndo maana parasetamo haikusaidii, yenyewe haijaundwa kwa uongo wa neva. Kidonge chako nadhani ni amitriptilini, na kweli kilianza kama dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo, miligramu 10 au 25 usiku, kinatuliza neva. Zipo na gabapentini na pregabalini. Hazifanyi kazi kwa siku moja, zipe wiki kadhaa, daktari anapandisha pole pole. Amitriptilini itakukausha mdomo na kukuletea usingizi, kwahiyo kunywa usiku na ukiamka kwenda msalani kaa kwanza kitandani kidogo usije ukaanguka. Kama una tatizo la moyo, au mkojo unatoka kwa shida kama wazee wengi wa kiume, hakikisha daktari anajua, hapo anaweza kubadili. Usiiache ghafla.

Kwa wengi yanapungua yenyewe miezi ikienda. Yangu hayakuondoka siku moja, nilikuja kugundua tu jioni moja nimevaa gauni la kubana harusini na sikuwa nimelifikiria.

Kijana wako kaongeza chini ya meseji, anauliza kuna chanjo? Ipo. Inaitwa Shingrix, Marekani wanaitumia tangu 2017 kwa watu wa miaka 50 na kuendelea, sindano mbili zinazoachana miezi miwili mpaka sita, na inazuia vizuri sana, kwenye majaribio ilizidi asilimia 90. Lakini sio kitu utakachokikuta zahanati ya Urambo kwenye friji ya chanjo za watoto, na haitibu maumivu uliyonayo sasa. Mtu aliyewahi kuutoa anaweza kuutoa tena, ingawa wengi ni mara moja. Kwahiyo baba, ukisikia tena moto wa upande mmoja usioeleweka, mtume huyohuyo kijana na pikipiki asubuhi hiyohiyo, asisome kwanza kwenye simu.